Mtumbwi wa Mkimbizi na Falsafa ya Mwalimu

Kwetu Mwamgongo, mkoani Kigoma, mgeni huja kwa Ziwa Tanganyika. Nyuma ya nyumba zetu kuna milima mikali, kusini kuna msitu wa Gombe, na kaskazini ufukwe unakwenda kupita Bugamba na Zashe hadi Kagunga, kijiji cha mwisho cha Tanzania kabla ya Burundi. Anayekwenda mjini hupanda mtumbwi wa injini na kushukia Kibirizi pamoja na magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Ndiyo maana swali ambalo wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi, kwamba mtu aliyekosa pa kukaa ana haki gani anapofika kwa wenzake, sisi tumelikuta mchangani. Anayetua sasa hivi, nguo zimemlowa na mtoto yuko mgongoni, tumwambie nini?

Nimefundisha historia na siasa, na baadaye uraia, katika shule za msingi za mwambao huu hadi nikastaafu. Katika miaka hiyo yote nimeona mambo mawili yakisimuliwa mbalimbali. Vitabu vinaeleza falsafa ya Mwalimu Nyerere kama mawazo ya Ikulu na ya mikutano mikuu. Wazee wa mwambao nao wanasimulia wakimbizi kana kwamba ni majira ya mvua, yanayokuja na kupita. Mimi naamini ni historia moja, na nataka kuisimulia hivyo.

Mwaka 1795 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa mji wa Königsberg, alitoa kitabu kidogo kuhusu amani ya kudumu. Humo aliweka kanuni tatu kuu, na ya tatu ilimhusu mgeni. Mtu anayefika katika nchi ya wengine, alisema, ana haki ya kutotendewa kama adui. Wenyeji wanaweza kumrudisha alikotoka, ila si pale ambapo kumrudisha ni kumwangamiza. Kant alikataa kuiita hisani. Aliiita haki, kwa hoja kwamba dunia ni mviringo, watu hawawezi kutawanyika bila kikomo, kwa hiyo hawana budi kuvumiliana. Miaka 174 baadaye, tarehe 10 Septemba 1969, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa wakapitisha mkataba wao kuhusu wakimbizi. Uliandika kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na kwamba nchi nyingine isilihesabu kuwa uadui. Mkataba huohuo uliwakataza wakimbizi kuishambulia nchi waliyoikimbia, na ukataka wakalishwe mbali na mpaka.

Sisi watoto wa shule hatukujua Kant wala Addis Ababa. Tulichojua ni ahadi za mwanachama wa chama cha TANU. Ahadi ya kwanza ilimwapisha mtu kwamba wanadamu wote ni ndugu zake na kwamba Afrika ni moja. Tuliikariri kwa sauti asubuhi, miguu ikiwa na vumbi la mchakamchaka, kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha.

Mwaka 1972 ahadi ile ilipata mtihani wake. Tarehe 29 Aprili uasi ulilipuka kusini mwa Burundi, hasa katika miji ya ziwani ya Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakaua Watutsi wengi. Kisasi cha serikali ya Michel Micombero kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Kwa miezi kadhaa jeshi na vijana wa chama tawala waliwaua Wahutu, wakiwalenga hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi. Makadirio huanzia watu 100,000 na wengine huyafikisha 300,000. Waliookoka walikimbilia walikoweza, na kwa watu wa kusini ziwa lilikuwa njia ya karibu kuliko zote.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Wakati wa giza la mwezi ndipo wavuvi hutoka, na usiku ziwa letu hujaa taa za karabai kutoka Kigoma hadi mpakani. Mitumbwi iliyotoka kaskazini mwaka ule haikuwa na taa. Baba alisimulia kwamba walisikia makasia kabla ya kuona kitu, na mara sauti ya mwanamke ikaomba kwa Kirundi, ambacho sisi Waha hukielewa bila mkalimani. Waliifunga mitumbwi ile kamba wakaivuta hadi ufukweni. Mama aliwapikia ugali wa muhogo, na dagaa waliokuwa wameanikwa kwa ajili ya kuuzwa wakaliwa siku ile. Kulipokucha balozi wa nyumba kumi alipita na daftari lake kuandika majina. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, nasi watoto tulishangaa kumwona mwalimu ameketi chini kwenye mchanga. Sikujua bado kwamba alikuwa amewindwa kwa sababu hiyohiyo ya kuwa mwalimu.

Hakuna mtu pale aliyetaja falsafa. Hata hivyo balozi wa nyumba kumi hakuja na daftari kwa matakwa yake mwenyewe. Alikuwa kiungo cha mwisho cha dola iliyokuwa imeamua, kwa maneno na kwa sheria, kwamba watu hawa wana mahali. Serikali iliwapeleka bara, kwa kufuata sharti lile la kuwaweka mbali na mpaka: Ulyankulu katika Tabora, Katumba na baadaye Mishamo katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Walipewa ardhi wakafyeka pori. Baada ya miaka michache makazi yale yalikuwa yakijilisha na kuuza ziada.

Wema huo ulikuwa na gharama, na watu wa mpakani ndio walioilipa kwanza. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vya mpakani ndani ya Tanzania yakisaka wakimbizi, na raia wakauawa. Wengi walitarajia vita. Jibu ninalolipenda zaidi katika historia hiyo lilitoka mbali na huku, kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, waliokataa kugusa mizigo ya Burundi. Burundi haina bahari. Mizigo yake mingi ilipita Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli hadi Kigoma na kuvushwa kwa meli hadi Bujumbura. Watu wasio na silaha walikaza kamba hiyo kwa mikono mitupu. Nilipokuwa nikifundisha niliwaweka makuli hao katika somo moja na Gandhi, na sioni kwa nini wasiwe hapo.

Mwalimu mwenyewe hakuwa mtu wa kukataa silaha kwa kila hali, na si haki kumgeuza kuwa hivyo baada ya kufa kwake. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, na alirudi kwa njia hiyohiyo aliposhindwa, serikali ikijua. Wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walifunzwa katika ardhi yetu. Mwaka 1968 Tanzania iliitambua Biafra, na mwaka 1979 jeshi letu liliingia Kampala. Alichokiamini kilikuwa kingine: kwamba amani isiyo na haki ni utulivu wa muda tu, na kwamba binadamu wakizungumza kwa usawa wanaweza kufika. Aliwasoma Waingereza, akiwemo John Stuart Mill, alipokuwa Makerere na kisha Edinburgh kati ya 1949 na 1952. Mafunzo yale aliyatia kazini Tabora, Januari 1958, TANU ilipokaribia kupasuka kwa sababu ya kura tatu, utaratibu wa kikoloni uliomlazimisha mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mhindi kwa pamoja. Wengi walitaka kususia au kupambana. Yeye alisimama akawashawishi waingie katika uchaguzi ule ule wa dhuluma ili waushinde kwa ndani, nao wakaushinda. Mkutano ule unaitwa Uamuzi wa Busara hadi leo.

Katika maandishi yake ya mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama alirudia picha ya wazee walioketi chini ya mti mkubwa, wakizungumza hadi wanakubaliana. Picha hiyo ni nzuri, lakini ilitumika vibaya pia. Mwaka 1965 ilisaidia kuhalalisha chama kimoja, kana kwamba asiyekubaliana bado hajazungumza vya kutosha. Katika miaka ya sabini watu wa Kigoma, ambao wengi waliishi mtawanyiko kwenye vilima, walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na si wote waliohama kwa hiari. Chini ya mti ule kulikuwa na mtu ambaye hakuulizwa. Nalisema hili kwa sababu nampenda Mwalimu, na kwa sababu kisa cha usuluhishi wa Burundi, nitakachokifikia, hakieleweki bila kujua kwamba wazo lake lilikuwa na upande huu pia.

Hapa niseme kidogo juu ya jirani zetu wa kusini, sokwe wa Gombe, maana dunia inapotaja eneo letu huwataja wao. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akiwa na mama yake. Alianza kwa kuonyesha upole wa sokwe, lakini kati ya 1974 na 1978 yeye na wasaidizi wake, wengi wao vijana wa vijiji vyetu, waliona kundi moja la sokwe likilimaliza jingine lililokuwa limejitenga nalo. Waandishi wengi wa ng'ambo waliichukua habari hiyo kuwa ushahidi kwamba Thomas Hobbes alisema kweli mwaka 1651 alipoandika kwamba hali ya binadamu bila mtawala mwenye nguvu ni vita ya kila mtu dhidi ya mwenzake. Nimeishi kando ya msitu ule na siikubali hoja hiyo. Katika miaka ileile ya vita vya sokwe, mwendo mfupi kutoka Gombe, watu waliokuwa na chakula kidogo walikuwa wamekwisha kuwapa nafasi watu wasiowajua. Goodall mwenyewe hakusimama kwa Hobbes. Mwaka 1991 alianzisha Roots & Shoots Dar es Salaam pamoja na wanafunzi wa sekondari, mwaka 1994 taasisi yake ikaanza mradi wa TACARE katika vijiji vya Kigoma, Mwamgongo ikiwemo, na mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ukamfanya Mjumbe wa Amani. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, bado akizunguka dunia kuwahutubia watu.

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985. Miaka miwili kabla ya hapo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimpa Medali ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Mwaka 1995 alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Gandhi na serikali ya India. Kwa wakati huo, hata hivyo, nchi yake ilikuwa imechoka. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vikaanza, na mamia ya maelfu wakavuka; mwaka uliofuata wakaja Wanyarwanda. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania iliufunga mpaka wake na Burundi. Desemba 1996 iliwarudisha Wanyarwanda kwa nguvu. Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 askari waliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi katika vijiji vya Kigoma na kuwapeleka kambini. Wengi wao walikuwa wameishi humo miaka mingi. Wengine walikuwa wameoa au kuolewa na wenyeji, wengine walizaliwa huku. Kesho yake darasani kuna watoto waliokosekana, na mwalimu anatakiwa kufundisha udugu wa Afrika.

Katika hali hiyo ndipo Mwalimu, mzee wa miaka 70 na ushee, alipokubali kazi ya kusuluhisha Warundi. Naiona kuwa hatua ya juu kabisa ya fikra zake kwa sababu inakamilisha kile kilichopungua. Kumpokea mkimbizi ni nusu ya amani. Nusu nyingine ni kwenda kule anakotoka na kuuliza kwa nini amekimbia. Alianza Mwanza mwaka 1996. Meja Pierre Buyoya alipopindua serikali Julai mwaka huo, nchi za jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, naye aliviunga mkono. Vilitubana na sisi pia, maana biashara ya ziwa haitambui mpaka. Viliondolewa Januari 1999.

Mazungumzo yenyewe yalifunguliwa Arusha Juni 1998, vyama 17 mwanzoni na 19 mwishoni. Mti wa wazee ulikuwa umebadilika sana. Mwalimu hakudai wakubaliane kwanza. Aligawa kazi katika kamati: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya, pamoja na kurudi kwa wakimbizi na ardhi yao. Kamati ya kwanza ndiyo ninayoistaajabia. Wahutu na Watutsi, ambao kila upande ulikuwa na wafu wake, walitakiwa kuandika pamoja historia ya nchi yao. Wengi waliona ni kupoteza muda. Mimi nimefundisha historia kwa watoto wa pande zote mbili na najua kwamba ilikuwa kazi ngumu kuliko kugawana vyeo. Upande wa Buyoya ulimlaumu kwamba anapendelea, na lawama nyingine ilikuwa ya kweli: makundi yenye bunduki msituni hayakuwa mezani, kwa hiyo vita havikusimama.

Wanawake wa Burundi walibisha mlango wa mazungumzo hayo kwa muda mrefu bila kufunguliwa. Julai 2000 walipata mkutano wao wenyewe Arusha, Wahutu na Watutsi pamoja, ukiandaliwa na Taasisi ya Mwalimu Nyerere na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya wanawake. Walidai haki ya kumiliki na kurithi ardhi, elimu ya wasichana, adhabu kwa ubakaji wa vitani, nafasi katika uongozi. Mapendekezo yao mengi yaliingia katika mkataba. Nawataja kwa makusudi, kwa sababu wanaosimulia Arusha huishia kwa wazee wawili wenye jina kubwa, Mwalimu na Nelson Mandela.

Mwalimu hakuuona mkataba. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela alipokea kazi, na tarehe 28 Agosti 2000 ukatiwa saini. Ulitambua kwamba hofu ya walio wachache ni jambo la kweli katika siasa, si kisingizio. Ukagawa Seneti na jeshi nusu kwa nusu. Ulitaka pia bashingantahe, wazee wa baraza la usuluhishi wanaoheshimiwa kwenye kila kilima, warudishiwe nafasi yao. Na ulimruhusu rais vipindi viwili tu. Kundi kubwa la wapiganaji liliweka silaha chini mwaka 2003, la mwisho miaka kadhaa baadaye.

Sharti la vipindi viwili ndilo lililoleta mitumbwi tena. Aprili 2015 Pierre Nkurunziza alitaka kugombea mara ya tatu, wapinzani wakashika mkataba wa Arusha mkononi, na watu wakaanza kukimbia. Kagunga, kijiji kisicho na nafasi kati ya mlima na maji, kilijaa makumi ya maelfu ya watu kwa wiki chache. Kipindupindu kikaua watu wapatao 30, wenyeji wakiwemo. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga mbali kidogo na ufukwe, wavuvi wakawapeleka watu kwenye meli kwa mitumbwi midogo, kisha wakafikishwa Kigoma mjini na kupumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Tuliopeleka chakula Kagunga mwaka ule tulikuwa watoto wa 1972.

Mwaka uliotangulia, 2014, serikali ilikuwa imekamilisha kuwapa uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000. Ni nchi chache sana duniani zilizowahi kufanya hivyo kwa wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mara moja. Kwa hukumu yangu, uraia huo na mkataba wa Arusha ndiyo matunda mawili makubwa ya ahadi tuliyoikariri, na yote mawili yalipatikana baada ya makosa, si badala yake.

Waliovuta mitumbwi mwaka 1972 wamebaki wachache. Majina yao hayamo katika Mkataba wa Addis Ababa wala katika ule wa Arusha, na daftari za mabalozi wa nyumba kumi nyingi zimeliwa na mchwa. Nawaomba walimu wenzangu wa historia kuanzia Kibirizi hadi Kagunga: mpeni kila mwanafunzi wa darasa la sita kazi ya kumhoji mzee mmoja mwaka huu. Aandike nani alikuja, alilala wapi, alikula nini na aliondoka lini. Aandike pia nani alichukuliwa mwaka 1997. Daftari hizo zihifadhiwe shuleni.